Rubani wa RAF (jeshi la anga la Uingereza) aliyetungua ndege nyingi kuliko wote alizaliwa Afrika, akafa na miaka 26. Mbona hatumjui?

#1 Mzee wa Makabrasha

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jina linanizunguka kichwani: Marmaduke Thomas St John Pattle. Wenzake walifupisha wakamwita Pat. Kazaliwa 1914 Butterworth, Eastern Cape, mji ambao wenyeji Waxhosa wanauita Gcuwa. Utoto wake mwingine kaupitisha Keetmanshoop, kusini mwa Namibia ya leo. Aliomba urubani kwenye jeshi la anga la kwao Afrika Kusini wakamkataa. Hakukata tamaa, akapanda meli hadi Uingereza, na 1936 RAF wakamchukua.

Tarehe 20 Aprili 1941 alitunguliwa juu ya ghuba ya Elefsina, jirani na Athens. Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka 26 na tayari ndiye mkuu wa Kikosi namba 33, cheo ambacho huku kwetu ni sawa na meja.

Dai langu, na mnipinge kwa hoja si kwa kelele: huyu ndiye rubani wa RAF aliyetungua ndege nyingi kuliko wote katika Vita vya Pili. Wapo wanaompa 40, wapo wanaompa zaidi ya 50. Johnnie Johnson, rubani Mwingereza anayetajwa kila mahali, ana 34. Tena Pattle alianza Agosti 1940 Libya, akamaliza Aprili 1941 Ugiriki. Haifiki hata mwaka.

Nataka kujua mambo mawili matatu. Hesabu hiyo inasimama? Kwa nini aliruka siku ile wakati inasimuliwa ana homa kali? Na kwa nini hakuna anayemtaja?

#2 Kiroboto wa Kinondoni

Nimetandika mkeka. Chai ipo, mihogo ipo. Endeleeni.

#3 Baharia wa Pireas

Mimi nipo huku huku Ugiriki tangu enzi zile za kuzamia, kwa hiyo nichangie ninachokiona kwa macho. Elefsina ya leo usitegemee kukuta pwani ya kupigia picha. Kuna mtambo mkubwa wa kusafisha mafuta, kuna viwanda, na ghubani kuna meli chakavu zimelala ubavu miaka na miaka. Uwanja wa ndege ule waliokuwa wakiutumia Waingereza upo bado, ni kambi ya jeshi la anga la Ugiriki, hupigi picha pale labda uwe umechoka kuwa huru.

Nyongeza ambayo wengi hawaijui: tarehe 20 Aprili 1941 kwa Wagiriki ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Pasaka ya Kiorthodoksi, siyo ile ya Warumi iliyokuwa imepita wiki moja nyuma. Wajerumani walikuwa wameivamia nchi tarehe 6, na tarehe 27 wakaingia Athens. Kwa hiyo vita ya Pattle siku ile ilikuwa ya kuchelewesha tu, ushindi ulishakwenda.

#4 Nyuki wa Iringa

#1 uzi mzuri, ila hapo kwenye 40 na 50 punguza mwendo.

Kwenye makaratasi ya vita ile, "ametungua" maana yake ni "amedai, na ofisa wa upelelezi wa kikosi akamkubalia". Chukua 28 Februari 1941, pambano kubwa upande wa Albania. Waingereza walidai ndege 27 za Waitaliano kwa siku moja, na Pattle ni mmoja wa waliodai. Waitaliano walikiri hasara chache mno kuliko hizo.

Sisemi walidanganya. Kule juu mambo yanakwenda haraka kuliko jicho. Marubani watatu wanaipiga ndege moja kwa zamu bila kuonana, wakishuka kila mmoja anaiandika yake. Messerschmitt, ndege ya kivita ya Kijerumani, ikipiga mbizi kwa nguvu zote inatoa moshi mweusi, aliye nyuma yake anasema inaungua, kumbe inakimbia. Ndege ikiingia wingu, nani aliiona ikigonga ardhi?

Wavuvi wa kwetu ziwani wakirudi, samaki aliyekata nyavu siku zote ndiye alikuwa mkubwa.

#5 Mzee wa Makabrasha

#4 nakubaliana na utaratibu wako, sikubaliani na unakoupeleka. Kama kila rubani alizidisha, basi na Johnson naye alizidisha. Punguza kwa wote, mpangilio unabaki ule ule.

#6 Nyuki wa Iringa

Haubaki. Johnson alipigana akitokea Uingereza, kikosi kina makarani, kina daftari, na baada ya 1942 au 1943 huko kamera za kwenye bunduki zimeenea. Karatasi zake zote zipo. Pattle alipigana kwenye jeshi linalokimbia. Kikosi 33 kilipoondoka Ugiriki kumbukumbu zake zilipotea njiani, nyingine zilichomwa makusudi zisianguke mikononi mwa Mjerumani. Hesabu ya 50 na ushee ilijengwa upya baada ya vita, kwa kuwauliza waliosalia na kupekua vijidaftari walivyoandika wenyewe. Sasa mtu anayekumbuka kiongozi wake kipenzi aliyekufa atakupa namba ndogo?

#7 Kipanga Mbili

#6 hoja yako inakata pande zote mbili, mkuu. Karatasi zikipotea, zimepotea na zile zinazompunguzia na zile zinazomwongezea. Ndege alizozitungua wiki mbili za mwisho, yaani Aprili yote, ndizo zisizo na karatasi. Na hizo wiki mbili ndizo alizopigana kila siku, mara nyingine mara kadhaa kwa siku. Huwezi kusema "hakuna karatasi, basi hakuna ndege".

#8 Kiroboto wa Kinondoni

Watu mnabishana ndege za 1941 mkiwa na hasira kama mlikuwepo. Ongezeni mihogo.

#9 Mama Tausi

Hamjambo. Niwarudishe Dar kidogo maana naona mmesafiri mbali.

Kwenye lile pambano la 20 Aprili alikuwepo kijana aliyetokea hapa hapa Dar es Salaam. Roald Dahl, yule ambaye baadaye aliandika hadithi za watoto. Alikuja Tanganyika 1938 akiwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili. Vita vilipoanza Septemba 1939 alipewa platuni ya askari wa Keya (King's African Rifles) kwenda kuwakusanya Wajerumani waliokuwa wakikaa mjini. Miezi michache baadaye akaendesha gari kutoka Dar hadi Nairobi kujiunga na RAF. Urefu wake karibu mita mbili, kwenye kile kindege cha mafunzo cha Tiger Moth kichwa kilikuwa kinachungulia nje.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba walioanza naye mafunzo Nairobi walikuwa vijana 16, waliosalia mpaka vita vinaisha ni 3. Wengine wote walikwenda. Mkitaka vijana wa kukumbukwa, anzeni na wale waliopasha injini Nairobi.

Dahl alikuwa Kikosi 80, kikosi ambacho Pattle alianzia. Siku ya Pasaka waliruka pamoja chini ya uongozi wa Pattle. Ndege za kivita Hurricane 12, tano zikaangushwa, marubani wanne wakafa, mmoja wao ni Pattle mwenyewe.

#10 Kipanga Mbili

Asante mama. Marekebisho madogo: 12 ni hesabu ya Dahl. Wengine waliofuatilia pambano hilo wanataja Hurricane 15, yaani zote zilizokuwa zimebaki na uwezo wa kuruka Ugiriki nzima baada ya kuunganisha mabaki ya vikosi. Dhidi yao Wajerumani zaidi ya mia, mchanganyiko wa Ju 88 za mabomu, na zile za kivita, Bf 109 na Bf 110.

#11 Mama Tausi

Kumi na mbili au kumi na tano dhidi ya mia, mwanangu, tofauti yake ni ipi?

#12 Kipanga Mbili

Tofauti ni watu watatu, mama.

#13 Spana Namba 14

Nimefanya kazi ya ufundi wa ndege jeshini, nchi sitaji. Niongelee hilo la homa, kwa sababu naona #1 kaliuliza na wote mmelikimbilia mbali.

Rubani mwenye homa haruki. Siyo suala la ushujaa, ni masikio na sainasi. Ukipanda na kushuka kwa kasi ukiwa na mafua makali, hewa iliyofungwa kwenye masikio inakuchoma, unaweza kupoteza mwelekeo usijue juu ni wapi. Halafu homa inapunguza wepesi wa macho. Kupambana ni kugeuza shingo muda wote. Rubani anayetetemeka anachelewa nusu sekunde, na nusu sekunde inatosha.

Nimewahi kuona rubani akificha mafua ili asiondolewe kwenye ratiba. Tulijua mafundi, daktari hakujua, na mkubwa hakutaka kujua kwa sababu angepata wapi mwingine? Alirudi salama lakini akitoka damu sikioni. Hiyo ni wakati wa amani, hakuna mtu anampiga risasi.

Kwa hiyo mimi nasema hakuna aliyemwamuru. Mwenyewe alikuwa mkuu wa kikosi. Nani angemwambia mkuu wa kikosi akalale?

#14 Baharia wa Pireas

#13 umesema vizuri lakini kuna upande mwingine. Marubani walikuwa wameisha. Kikosi 33 na 80 vimeunganishwa, wengi waliobaki ni wageni kama huyo Dahl, ambaye alikuwa ametua Ugiriki siku chache tu na Hurricane hakuwa ameizoea. Ukiwa kiongozi, ukakaa chini na blanketi huku ukisikia vijana wageni wanapanda dhidi ya mia, utakaa? Mimi sidhani ni kuficha ugonjwa. Kila mtu alijua anaumwa.

#15 Nyuki wa Iringa

Au tatu: alikuwa amechoka kiasi cha kutojali tena. Mapigano ya kila siku kwa wiki mbili humfanya mtu aache kupima hatari. Tunapenda kuita ujasiri kitu ambacho daktari wa akili angekipa jina jingine.

#16 Spana Namba 14

#15 hiyo nayo ipo. Nimeiona kwa watu.

#17 Mvita Asilia

Assalam aleikum wanajamvi. Uzi nimeusoma wote, na heshima zenu ziko pale pale, ila niwaulize: kijana wa Kizungu wa Afrika Kusini, jeshi la kwao lilikuwa la Wazungu kwa Wazungu, leo sisi ndio twamlilia? Wazee wetu mbona hamuwataji?

Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini hapa kwetu ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Yazama chini ya dakika mbili. Waliokufa ni 1,297. Ndani yake mlikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, Field Regiment ya 301, vijana wa bara na wa pwani. Na wauguzi wa kike pia walikuwamo. Dakika mbili! Mtu hajafunga hata kamba za viatu.

Babu yangu mkubwa alikuwa mpagazi pale Kilindini wakati huo. Alisimulia kuwa vijana walipanda meli wakiimba. Yeye hakuwa na jina la hata mmoja, ila nyimbo alizikumbuka hadi anakufa.

Hao nao ni vijana waliokufa ng'ambo. Uzi wao uko wapi?

#18 Kiroboto wa Kinondoni

Hapo #17 umenitoa kwenye mkeka. Nilikuwa sijui habari hii kabisa.

#19 Mzee wa Makabrasha

#17 aleikum salaam. Umeuliza haki. Mimi nilianza na Pattle kwa sababu swali langu lilikuwa la hesabu na karatasi. Lakini naona tumefika kule kule: yeye walipoteza daftari lake, wale wa Khedive Ismail wana majina yao kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita Nairobi, Ngong Road, lakini wangapi kati yetu wameingia pale?

#20 Mvita Asilia

Majina yapo, sikatai. Nasema midomoni hayapo.

#21 Mlevi wa Historia

Niongezee petroli. Kabla ya Oktoba 1939 mtu mweusi hakuruhusiwa kuwa ofisa wa RAF, kanuni ilitaka uwe na asili safi ya Ulaya. Vita vilipowabana wakaiondoa kwa muda wa vita, ndipo Wakaribi wakaingia kwa maelfu, wengi kazi za ardhini, mamia kwenye ndege, na Waafrika Magharibi wachache. Sisi wa huku tulipelekwa Keya, miguu na mizinga. Ndiyo maana mkitafuta "rubani kijana wa Kiafrika Mashariki" hamtampata, siyo kwamba hapakuwa na vijana wenye macho makali. Na vita vilipoisha, malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi: Mzungu wa cheo kile kile alipata mara kadhaa ya Mwafrika.

Na ndiyo ile ripoti ya 2021 ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ikakiri kwamba laki na kumi na sita elfu, pengine hadi laki tatu na nusu, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

#22 Kipanga Mbili

#21 sahihisha hapo mwisho. Ripoti ya 2021 inahusu Vita vya Kwanza, siyo vya Pili. Wale 116,000 hadi 350,000 ni hasa wa Afrika Mashariki na Misri, wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps) wengi wao. Vita vya Pili majina yaliandikwa kwa utaratibu tofauti, ndiyo maana wa Khedive Ismail unaweza kuwasoma mmoja mmoja.

#23 Mlevi wa Historia

Vita vya Kwanza, vya Pili, aliyewapeleka ni yule yule.

#24 Kipanga Mbili

Ndiyo, lakini ukichanganya, atakayekuja kutafuta babu yake aliyekufa Bama (Myanmar ya leo) atakata tamaa bure akidhani jina halipo. Waliokufa Bama wakiwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw hadi daraja la mto Chindwin Desemba 1944, wenye makaburi wanatafutwa makaburini, na wasio na kaburi wameandikwa kwenye ukumbusho wa Rangoon pale Taukkyan. Majina karibu elfu ishirini na saba ya mataifa yote.

#25 Mama Tausi

Na huyo Pattle ameandikwa wapi? Ugiriki?

#26 Baharia wa Pireas

Ndiyo mama, kuna makaburi ya vita hapa Phaleron, njia ya kwenda pwani, na ukumbusho wa Athens upo humo humo.

#27 Kipanga Mbili

Hapana, baharia. Ukumbusho wa Athens ni wa majeshi ya nchi kavu. Marubani wa RAF waliofia Ugiriki bila kaburi wameandikwa El Alamein, Misri, pamoja na waliopotelea Libya, Ethiopia, Somalia, Madagaska na hata huku Afrika Mashariki. Zaidi ya wanaanga 3,000 kwenye kuta zile. Pattle yupo huko, nchi ambayo hakufia.

#28 Baharia wa Pireas

Haya bwana. Nimepita pale mara nyingi kwenye basi, nikadhani wote wamo.

#29 Kiroboto wa Kinondoni

Kipanga anasahihisha watu hadi kwenye basi.

#30 Jino la Pembe

Naona mmekwepa swali la tatu la #1: mbona hatajwi? Mimi nina maelezo mepesi. Alikufa kwenye vita walivyoshindwa. Waingereza wanapenda kusimulia kiangazi cha 1940 walipojilinda juu ya London na Kent. Ugiriki walitimuliwa kwa wiki tatu, nani atatengenezea hilo sherehe? Angekuwa ametungua ndege hizo hizo juu ya Kent mngemjua tangu darasa la nne.

#31 Nyuki wa Iringa

Na wapiga picha. Kent ilikuwa na waandishi wa habari kila kibanda cha chai. Libya alikuwa na nani?

#32 Jino la Pembe

Libya yenyewe ni simulizi tosha. Siku ya kwanza kabisa kutungua, 4 Agosti 1940, naye alitunguliwa siku hiyo hiyo. Akaruka kwa mwavuli ndani ya eneo la Waitaliano, akatembea jangwani kuufuata mpaka wa Misri hadi akaokotwa na askari wa magari ya deraya wa Uingereza. Mtu kama huyo angekuwa wa Wamarekani angekuwa na sanamu.

#33 Mlevi wa Historia

Afrika Kusini yenyewe ilimwacha. Hakuvaa sare za jeshi lao, walimkataa. Kwa makaburu walioshika nchi 1948, Mwafrika Kusini aliyefia chini ya bendera ya Mwingereza hakuwa wa kujivunia, wengi wao hawakutaka hata ile vita ipiganwe.

#34 Kipanga Mbili

Nusu kweli. Sailor Malan naye alikuwa Mwafrika Kusini wa RAF, tena mwenye jina la Kikaburu, na huyo anajulikana sana. Ila Malan alisalia, akarudi kwao, na 1951 akaongoza Torch Commando, maandamano makubwa ya maaskari wastaafu kupinga serikali kuwanyang'anya machotara kura. Aliye hai anajitetea mwenyewe.

#35 Mvita Asilia

Torch Commando naipa heshima. Ila machotara peke yao. Weusi kura hawakuwa nayo ya kunyang'anywa.

#36 Kipanga Mbili

Hapo sina la kusahihisha.

#37 Spana Namba 14

Turudi ghubani kidogo, maana hamjasema alikufaje na hiyo ndiyo inayonikaa rohoni.

Inavyosimuliwa na waliokuwa hewani: Hurricane moja ilikuwa imebanwa na Bf 110. Rubani wake Woods, waliyemwita Timber, mmoja wa wale waliokuwa wameilinda Malta na ndege za Gladiator mwaka uliotangulia. Ndege yake ikashika moto. Pattle akajipiga mbizi kuifuata ile iliyompiga Woods, akaipiga ikalipuka, na wakati huo huo Bf 110 mbili zilikuwa tayari mgongoni kwake. Hurricane yake ikaanguka ghubani ikiwaka. Woods naye alikufa.

Kila kitabu cha mafunzo kinasema usishuke kumfuata mmoja wakati wengine wako juu yako. Pattle mwenyewe alikuwa akiwafundisha vijana hivyo hivyo: tazama nyuma kwanza. Kwa hiyo ama homa ilimnyima zile nusu sekunde nilizozitaja, ama alitazama, akawaona, na akashuka hata hivyo.

#38 Nyuki wa Iringa

Ama hakuwaona kwa sababu ya jua. Ndege zaidi ya mia kwenye kipande cha anga juu ya bandari, moshi wa mizinga ya kutungulia ndege, meli zinaungua chini. Mnampa nafasi ya kuchagua ambayo huenda hakuwa nayo.

#39 Mama Tausi

Dahl alisimulia kuwa pambano lile hakumbuki aliyempiga wala aliyemkosa, anga yote ilikuwa ndege tu, alichokifanya ni kukwepa asigongane nazo. Kama aliyekuwemo hakuona, sisi tunaona nini?

#40 Jino la Pembe

Lakini mama, kuna aliyeona. Ndiyo maana habari ya Woods ipo.

#41 Muleta Wa Bukavu

Jambo wandugu. Niko Kongo, nimefuata ma-post yenu tangu asubuhi. Huku kwetu wazee walienda Abisinia na Force Publique, jeshi la koloni la Wabeleji, wakatembea toka Kongo, kupita Sudani, mpaka wakashika Asosa na Gambela, na Julai 1941 jenerali wa Italia akajitoa kwao Saio. Wengi walikufa na magonjwa na njaa kuliko risasi. Tata yangu alibakia na blanketi ya jeshi na medali moja tu. Majina ya wale wenye walibakia njiani mnatafutaka wapi, kama walikuwa chini ya Mbeleji na hapana Mwingereza?

#42 Kipanga Mbili

Karibu. Tume ya Jumuiya ya Madola haina wa Ubelgiji. Makabrasha ya Force Publique yapo Brussels.

#43 Ngoma Droo

Nimechelewa lakini nina swali la kweli. Kaka wa babu yangu alipotea Bama, nyumbani walipewa barua tu. Jina lake tuna moja, Hamisi, na la baba yake. Nimeandika kwenye tovuti ya hiyo tume yamekuja mamia ya watu. Nifanyeje?

#44 Kipanga Mbili

Andika tahajia zote: Hamisi, Hamis, Khamis, Amisi. Karani alikuwa Mwingereza, aliandika alivyosikia. Halafu chuja kwa kikosi, King's African Rifles, na kwa mwaka. Kama barua ipo, kuna namba ya jeshi juu yake, hiyo ndiyo ufunguo kuliko jina. Baadhi ya kumbukumbu zina jina la kijiji au la chifu, soma hizo kwa makini.

#45 Ngoma Droo

Barua ililiwa na mchwa. Namba shangazi anadai anaikumbuka, nitampigia Jumapili.

#46 Mvita Asilia

Mpigie leo. Shangazi hawangoji Jumapili.

#47 Nyuki wa Iringa

Ngoma Droo akipata alete hapa. Na #1, bado 40 hujaithibitisha. Nakupa "wengi kuliko Johnson, huenda".

#48 Mzee wa Makabrasha

"Huenda" naipokea. Ile 28 Februari uliyoileta hapo juu, hebu weka orodha ya kila aliyedai nini siku hiyo, tuanze kupunguza mmoja mmoja.

#49 Muleta Wa Bukavu

Na mimi nafungua uzi ya Saio. Mwenye ana picha ya medali za Force Publique atume, nilinganishe na hii ya tata.